Somoe, Nyimbo Zako Zimeposwa

Mke mwenzangu Somoe,

Sikuulizi hali. Ulipo hapaulizwi hali, na hata ulipokuwa hai ukiulizwa ulijibu "Si unaniona?" mtu akakoma. Naandika kwa mkono wa Hadija, mjukuu wetu, mwalimu wa hapa Kibiti. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kuyapiga pasi maneno yangu. Nikisema ovyo, aandike ovyo.

Tena nimetaka barua hii iwe ya wazi, asome anayejua kusoma na asomewe asiyejua, kama mimi. Nina sababu. Kosa langu nililifanya mlango umefungwa, na makosa ya namna hiyo yakiachwa ndani yanavunda.

Unakumbuka siku niliyoletwa Mbuchi? Mimi naikumbuka mpaka harufu: ulikuwa umeanika uduvi uani. Mume wetu Mtoro akanishusha mtumbwini na sanduku langu la bati, nawe ukasimama mikono kiunoni, ukanitazama tangu kichwani hadi vidole vya miguu. "Mwembamba," ukamwambia yeye, siyo mimi. "Huyu ndege watamzidi nguvu." Nilikuchukia siku hiyohiyo, kwa moyo mweupe kabisa.

Mpunga ulipoanza kubeba, Mtoro akatuweka dungu moja. Mwanamume mwingine angejenga madungu mawili, kila mke na kibanda chake juu ya nguzo zake katikati ya shamba. Mtoro wetu alikuwa mvivu, Mungu amrehemu. Tukawa tunaamia ndege tangu kunapambazuka, wewe umegeukia mtoni, mimi nimegeukia mikokoni, kila mmoja anavuta kamba zake za makopo. Siku mbili hatukusemeshana. Siku ya tatu nikakusikia unawasimulia kwelea wa upande wako: "Palikuwa na mke mdogo, anapika uji anauita bada, eti ugali wa muhogo." Nami nikawasimulia wa upande wangu: "Na palikuwa na mke mkubwa, mdomo mrefu kama wa korongo, akila na wenzake anawamalizia mchuzi." Ukaziachia kamba za makopo. Halafu ukacheka, Somoe, ukacheka mpaka dungu likayumba na ndege wa mashamba matatu wakaruka.

Tangu hapo hatukuacha. Misimu mingapi, sikuhesabu. Wewe unaanza hadithi, mimi naipindisha; mimi naanza, wewe unaninyang'anya. Hadithi za viboko wenye wivu, hadithi za wanaume wavivu, na wanaume wavivu wote walikuwa Mtoro. Mara moja alipita chini yetu akasikia, akauliza, "Huyo mtu wa hadithi mbona ana kikohozi kama changu?" Ukamjibu, "Kikohozi kimeenea mwaka huu, bwana." Akaenda zake anakohoa.

Hadithi hizo ndizo zilizonifikisha hapa nilipobanwa.

Ulipotutoka nilikaa Mbuchi masika moja tu. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mjane mmoja. Hadija akaja akanichukua, nikahamia kwake hapa Kibiti, karibu na barabara, nikawa nawasimulia wanafunzi wake za dunguni. Hadija akazinasa kwenye simu yake. Simu ikampa simu, na simu ile ikampa nyingine. Siku moja akaja mwanamke kutoka Dar es Salaam, Mwanaidi jina lake, umri kama wa binti yangu wa mwisho, baibui safi na raba nyeupe. Aliniamkia kwa goti. Hapo akawa ameshanipata.

"Mimi ni wakala wa waandishi, Bibi," akasema.

"Umepotea njia. Mimi hata jina langu nalitambua kwa umbo tu, kama ninavyotambua mbuzi wangu."

"Hadithi ni zako, Bibi. Mimi nazitafutia mchapishaji, nasimamia mkataba, asikudhulumu."

"Aaa. Wewe mshenga."

Akacheka. "Basi ndiyo, mshenga."

"Na huyo mchapishaji anaoa asichokiona?"

Akanieleza kwamba huandikwa kurasa chache kwanza, za kusema kitabu kitakuwaje, na hizo ndizo anazopelekewa. Yeye anaziita andiko. Nikamwambia hiyo ni barua ya posa, ila mjini mmegeuza, mtoto wa kike ndiye anayepeleka. Nikatia dole gumba kwenye makubaliano yake baada ya Hadija kunisomea yote: kitabu changu chochote kitapita kwake, si kwa mwingine. Nikaona sawa. Binti haposwi kwa washenga wawili.

Nikwambie kweli, siku ile nilifurahi kama mwali anayetolewa ndani. Mimi na wewe tulimkimbia mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Alikuja mpaka chini ya dungu na ubao wake, ukamwambia mpunga hauna likizo. Tulijiona wajanja. Leo naona kurasa zinapita mbele yangu kama kundi la kwelea na sina hata kopo la kutikisa.

Andiko la kwanza likawa la hadithi za dunguni. Likapelekwa kwa wachapishaji. Sasa sikiliza la pili, maana hili ndilo lako.

Mwanaidi alirudi kukaa siku mbili, anikusanyie hadithi zaidi. Asubuhi aliniomba ruhusa ya kuweka simu yake mkekani inase sauti. Nikamwambia iweke. Hadija akaenda shuleni. Tukakaa tunachambua mchele, nikasimulia mpaka koo likakauka, kisha akaniuliza habari zako. Nikamwambia ulikuwa kungwi, wali wote, wasichana waliovunja ungo wa Mbuchi na visiwa vya jirani, walipita mikononi mwako, nami nilikuwa mpokeaji wako, nikiitikia na kushika ngoma. Nikamuuliza, "Wewe umechezwa unyago?"

"Nimechezwa, Bibi, na mama yake mama."

Nikampima kama ulivyonifundisha kumpima mgeni. Akajibu sawasawa. Basi nikainuka nikafunga mlango.

Unajua maana yake. Wanawake wawili waliochezwa, mlango umefungwa: hapo ni ndani, na la ndani halihitaji kuambiwa "usiseme". Nikamwimbia wimbo wako wa kwanza na kumfungulia maana yake. Nikaimba wa pili. Alikuwa anasikiliza vizuri, Somoe, machozi yanamlengalenga, na tangu ufe sikuwa nimepata mtu wa kumwimbia. Nikaenda mpaka wa saba.

Na simu iko palepale mkekani tangu asubuhi. Mimi niliiona kama ninavyoona kibatari mchana. Yeye alijua ruhusa ya asubuhi bado ipo. Mimi nilijua mlango umeimaliza. Hadija anasema tumekosa wote wawili. Mwalimu huyu anagawa makosa kama anagawa madaftari.

Baada ya wiki kadhaa akaja na karatasi. "Bibi, hili ni andiko la pili, la mafunzo ya kike." Nikadhani ni mambo yetu ya uke wenza, ugomvi wetu wa majungu na mapatano yetu. Wali wangu ulikuwa unaungua jikoni. Nikatia dole, nikakimbilia sufuria. Hivyo tu. Wali wenyewe sikuuwahi.

Jumatatu hii akanipigia simu. Sauti yake juu, furaha imemjaa. "Bibi, wamejibu wawili!"

Mchapishaji mdogo anazitaka hadithi za dunguni. Atachapa mwaka huu, ila nimalize kusimulia zilizobaki ndani ya wiki tatu, na anataka jibu Jumamosi. Mchapishaji mkubwa anataka nyimbo. Ndivyo alivyosema: nyimbo na maana zake zote saba, na picha yangu usoni mwa kitabu. Tena anataka nyimbo zitangulie, na mpaka zitoke nisitoe kitabu kingine kwa mtu mwingine. Miaka miwili, labda zaidi.

Nilikaa chini pale nilipokuwa nimesimama.

"Nyimbo zipi, Mwanaidi?"

"Zile za Bi Somoe. Ulizoniimbia."

Nikamwambia posa haiposwi juu ya posa, hata dini imekataza. Akasema kwa upole, "Vitabu ni viwili, Bibi. Ni mabinti wawili."

"Mama ni mmoja, na pumzi ni moja. Na pumzi hiyo umeisikia inavyokoroma."

"Mkubwa huyu ni mlango, Bibi. Ukipita hapo, hadithi zako zote zitapita nyuma yake."

"Mlango wa kuingilia au wa kutokea?"

Sauti ikamshuka. Si mtu mbaya, nakuapia. Ilimshuka kama ya mtu aliyeona ameikanyaga shuka ya mgonjwa. Lakini huruma yake haikunisaidia. Nilikuwa kama samaki kwenye uzio wa kuvulia wakati maji yanatoka: kila upande fito, na kila upande nilizichomeka mwenyewe.

Jumatano akaja Mwajuma, mtoto wa kaka yako. Habari zilimfikia, sijui nani alimpelekea. Amepanda boti mpaka Nyamisati, akapanda gari mpaka hapa, akasimama mlangoni jasho linamtoka. Unamjua, amekurithi ukungwi mpaka mikono ya kiunoni.

"Shangazi, shikamoo yako naishika mkononi mpaka unijibu. Ni kweli unatuanika?"

"Ingia kwanza."

"Siingii. Wanawake wa Mbuchi wamenituma. Wanasema Bi Siwema amehamia barabarani, sasa na sisi anatutoa barabarani, tena uchi."

"Waambie uchi wao hauna mnunuzi."

"Shangazi, sicheki."

Kweli hakuwa anacheka. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, simu, mlango, dole. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza nikangoja anitukane, nilikuwa tayari. Badala yake akaketi kizingitini, akavua viatu, akaanza kulia.

"Kinachoniuma si hicho tu," akasema. "Mimi mwenyewe wa sita na wa saba sizijui. Shangazi Somoe alikufa hajanimalizia. Wali siku hizi wanawekwa ndani likizo ya shule tu, siku nne, mama zao wana haraka. Likizo iliyopita nilifika wimbo wa tano, nikapiga ngoma peke yake, nikawaambia wamemaliza. Wakatoka wanafurahi. Nilijiona mwizi."

Somoe, hapo ndipo uzio ulipokaza. Nikikataa kitabu, nyimbo zako zinakufa na mimi. Nikikubali, zinauzwa dukani pamoja na sabuni, asome mwanamume yeyote anayengoja gari. Mchapishaji mkubwa bila kujua ameshika mpini wa kisu, na makali yake kanishikisha mimi.

Nami nina neno sijamwambia mtu, nakwambia wewe mbele ya watu. Ulipokuwa unaumwa, siku ile niliyokunywesha uji ukaurudisha, ulinishika mkono ukasema, "Mwajuma bado mbili. Mmalizie." Nikakuambia nimesikia. Masika yamepita, ya kwanza na ya pili na ya tatu, sikummalizia. Nilisingizia magoti, nikasingizia boti, nikasingizia kuhama. Uongo mtupu. Nilipenda kuwa mtu wa mwisho anayejua. Maisha yangu yote nilikuwa wa pili: mke wa pili, mpokeaji wa nyimbo, mshika ngoma. Ulipokufa nikawa na kitu ambacho hakuna mwingine anacho, nikakikalia kama kuku. Na Mwanaidi alipokuja na goti lake na machozi yake, nikaona heri nimwonyeshe mgeni kuliko kumpa mwenyewe. Ndiyo hiyo. Hadija ameacha kuandika ananitazama. Andika, mwanangu.

Jana Alhamisi nikampigia Mwanaidi.

"La nyimbo nimekataa."

"Bibi, ulitia dole kwenye andiko."

"Dole ninalo hapa. Njoo ulikate."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Hapana, Bibi. Andiko si mkataba, naweza kuliondoa. Lakini nimelihangaikia miezi. Na hawa watu wanajuana; mkubwa akiudhika, mdogo atasikia kwamba bibi wa Kibiti ana kigeugeu."

"Mwambie si kigeugeu. Mwambie nilimposesha binti wa watu."

"Na hadithi za dunguni? Zile ni zako. Nije Jumatatu tuanze? Wiki tatu zinatosha tukifanya kazi kila siku."

Sasa ona mtego ulivyo na adabu, unangoja utoe mguu mmoja ndipo ushike wa pili. Jumatatu ndiyo likizo ya shule inaanza. Wali wa Mbuchi wanaingia ndani wiki hiyohiyo, na Mwajuma bado mbili, na kufundisha kungwi si kazi ya siku nne. Nyimbo zenyewe siku moja, maana zake siku kumi, na kuzikosea na kuzirudia ni mwezi. Mimi siwezi kukaa Kibiti na Mbuchi kwa makalio haya mamoja.

"Usije Jumatatu," nikamwambia. "Mwombe mdogo angoje mpaka tuvune."

"Bibi, hawezi kungoja hivyo. Ana vitabu vingine kwenye foleni."

"Muulize."

"Nitamuuliza. Lakini nikwambie ukweli, sijui."

"Na ile sauti yangu, uifute."

"Nimeshaifuta, Bibi. Jumatatu ileile niliyokupigia."

"Apa."

"Wallahi, Bibi."

Nimemwamini. Ningefanya nini? Simu yake siwezi kuisoma hata nikipewa mwaka mzima. Na zile kurasa alizopeleka zina beti mbili zako, ziko mezani kwa mtu nisiyemjua, katika nyumba nisiyoijua. Amesema atazidai. Karatasi ikishasomwa utaidai nini? Hilo sina dawa yake, Somoe. Nimewaambia wanawake wa Mbuchi kupitia kwa Mwajuma kwamba nakuja na kaniki mpya na kuku mweupe vya kuombea radhi, nitakaa chini mbele yao, waseme watakalo. Mwajuma kanionya kwamba watasema mengi. Nikamjibu, mimi nimeishi na shangazi yako, maneno yao ni mvua ya vuli.

Nakitaka kitabu kile. Nisikufiche, maana ungejua tu. Nilishakiona, nikakilaza kifuani hivi. Nilikwisha kumwambia Mwanaidi kwamba jina lako litangulie langu, kwa kuwa wewe ndiye uliyeanza ile ya uji na bada. Hadija aliniandikia majina yetu mawili kwenye karatasi, lako juu langu chini, nikajifunza umbo la lako pia. Linaanza kama langu, na kitu kama nyoka amelala. Asubuhi nyingine najikuta naliangalia kabla ya chai. Labda kitabu kinafia hapohapo kwenye karatasi. Mdogo ameomba jibu kesho, nami kesho nitakuwa kwenye boti, kati ya mikoko, ambako simu haishiki. Akisema ndiyo nitakuwa sijui, akisema hapana nitakuwa sijui.

Sanduku limefungwa. Hadija amenitilia dawa ya kifua, miwani ambayo sina kazi nayo, na mkate kana kwamba Mbuchi hakuna chakula. Mwajuma atanisubiri kesho bandarini Nyamisati. Nimemwambia tutaanza na wa sita, asubuhi, kabla wali hawajaletwa.

Leo baada ya swala ya Ijumaa niliuimba peke yangu, kimyakimya, mlango nimeufunga na simu ya Hadija nimeitoa nje nikaiweka juu ya tangi la maji. Ubeti wa kwanza ukaja. Wa pili ukaja. Wa tatu nikasimama: ni "mama" au ni "mwana" anayetajwa mwanzo? Nikaimba hivi, nikaimba vile, vyote vikakaa sawa mdomoni. Nikageuka upande wa mtoni, upande wako, kama nilivyokuwa nikigeuka dunguni ili uninyang'anye unisahihishe.

Kesho kutwa Mwajuma ataketi mbele yangu, nami nitachagua moja, nitaimba kama ninayejua, naye ataamini, na wali wataamini, na binti zao. Nikikosea hakuna tena mtu duniani wa kuniambia nimekosea. Hilo linanitisha kuliko wachapishaji wote wa mjini.

Basi pumzika. Mimi bado mbili.

Mke mwenzako mdogo,
Siwema